Meza ya Watu Tisa

Bodil Ravnkilde alifundisha nusu ya mji wa Horsens kuendesha gari, na nusu iliyobaki aliitukana barabarani. Miaka yote ya kazi alikaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu, na hata alipostaafu mguu ule haukustaafu. Msimulie jambo lolote, kisha tazama chini ya meza. Ukifika pale asipokubaliana nawe, anakanyaga.

Mimi ni Ellinor, jirani yake wa chini. Tulijuana zamani, aliponikatalia kwenda kwenye mtihani wa udereva kwa sababu, alisema, naendesha kama mtu anayeomba radhi. Nilimchukia mwaka mzima. Kisha nikampenda, na tangu hapo sijatulia.

Mumewe Aksel alipofariki, Bodil aliuza nyumba yao ya mlimani akahamia fleti iliyo juu yangu. Ina sebule, chumba kimoja, roshani, na jiko la kumtosha mtu mmoja, naye awe mwembamba. Hakulalamika hata kidogo. Alikunywa kahawa yake dirishani, akawahukumu madereva waliopita chini, na maisha yakaenda. Hadi siku moja ya vuli mwanawe Esben akaja na mkewe Malene, wakiwa na keki.

Nilikuwepo. Malene aliikata keki vipande vidogo vidogo, na mimi nikajua kuna habari inakuja.

"Mama," akasema, "tumefikiri. Mkesha wa Krismasi mwaka huu tuufanye kwetu. Wewe upumzike sasa."

"Nipumzike na nini?"

"Na hekaheka hizi. Tena hapa, mama, usinielewe vibaya, ni padogo. Pazuri, lakini padogo."

Esben aliiangalia keki kama vile ndiyo kwanza anaiona. Mguu wa Bodil ulikuwa umekanyaga zulia hadi mwisho.

Msidhani Malene ni mtu mbaya. Ana nyumba kubwa, ana jiko jipya lenye meza ya mawe ambayo juu yake helikopta ingeweza kutua, na ana haki ya kulionyesha. Lakini Bodil alikuwa akimpika bata wa mkesha tangu alipoolewa. Nyumba ilikwisha kuuzwa, mume yuko makaburini, na usiku ule mmoja ndio uliobaki ambao watu walikuja kwake na si yeye kwenda kwao. Bibi asiyekuwa na mkesha wake ni mgeni. Anapewa kiti kizuri, anawekewa mto mgongoni, anaulizwa kama anasikia baridi. Bodil aliuogopa mto ule kuliko kifo, na hilo aliniambia mwenyewe.

Walipoondoka tu, akashuka kwangu bila kubisha hodi.

"Akufukuzaye hakwambii toka, Ellinor. Anakwambia pumzika."

Kesho yake akampigia simu Malene. Nilimsikia, na si kwamba nilitega sikio, sauti yake inapita zege, na simu huiweka kwenye spika.

"Nikiwakalisha wote kwenye meza moja, mtakuja?"

"Meza moja, mama? Watu tisa?" Malene alikuwa anacheka. "Si meza mbili zilizosukumwa pamoja? Si watoto kulia kitandani?"

"Meza moja. Watu tisa."

"Haya, tutakuja. Ila tusigombane kila mwaka, mama. Atakayepata lozi ndiye aamue Krismasi ya mwakani iwe kwa nani."

"Nimekubali," akasema Bodil, akakata simu kabla mwenzake hajajuta.

Lozi ile ni moja tu, nzima, inazikwa ndani ya pudini ya wali mwisho wa chakula. Anayeipata haisemi. Anaificha shavuni, anakaa na uso wa mtakatifu, huku wengine wakiendelea kula na kula wakiitafuta, mpaka bakuli zinakuwa tupu na matumbo yanauma. Ndipo anaitema na kudai zawadi yake, nguruwe mdogo wa lozi na sukari. Sisi ni watu waaminifu, tunalipa kodi, tunasubiri taa ya kijani hata kama barabara haina gari. Lakini usiku ule mmoja tunafundisha watoto wetu kudanganya wakitabasamu.

Basi ikawa kazi ya kutafuta meza. Ilibidi iwe ndogo siku za kawaida, ya kikombe na gazeti, na siku moja kwa mwaka ikubali watu tisa. Fundi wa sasa atakuuzia ya vyuma na vioo. Bodil hakutaka. Alitaka meza ya mtiki ya enzi za ujana wetu, miguu myembamba iliyoinama kidogo nje, pembe laini, na mbao mbili zinazojificha chini ya uso, unazivuta huku na huku mgeni akija.

Uchungu ni kwamba aliwahi kuwa nayo. Walipewa siku ya harusi. Miaka ya themanini ikaingia fasheni ya msonobari mweupe, mtiki ukaonekana ni mambo ya wazee, na Aksel akaibeba meza ile hadi ufukweni, kwenye moto mkubwa wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, ikaungua tukiimba. Tulichoma na soseji. Nusu ya mtaa ilipeleka meza zao. Siku hizi wajukuu wetu wanaziuziana kwa bei ya gari, nasi tunakaa kimya.

Meza ya kwanza tuliikuta kwa mume na mke waliokuwa wanahama. Ilikuwa ya duara, nzuri mno, ila ubao wake wa kuongezea ulikuwa kando, mkubwa kama mlango.

"Huu unakaa wapi siku zisizo na wageni?" Bodil akauliza.

"Chini ya kitanda," mke akajibu.

"Chini ya kitanda changu kuna kodiani ya marehemu."

"Nyuma ya kabati, basi."

"Nyuma ya kabati langu kuna ukuta, mwanangu, na nyuma ya ukuta kuna jirani."

Ya pili ilikuwa kwenye duka la kifahari mjini, imewekwa peke yake chini ya taa. Kijana wa duka, mwenye ndevu zilizochongwa, alitupokea kwa sauti ya hospitalini.

"Hii isiwekewe kitu cha moto, bibi. Glasi isikae bila kitambaa. Isipigwe na jua, na isikae karibu na kipasha joto."

"Kijana, hii ni meza au mgonjwa?"

"Ni kazi ya sanaa, bibi."

"Basi itundike ukutani, mimi nipite."

Esben akasikia tunavyohangaika, akajitolea kuazima meza za kukunja kutoka ukumbi wa chama chao cha mpira. Bodil akamwambia nguo ya kuazima haisitiri matako, akamrudisha nyumbani na keki yake.

Ya tatu tuliikuta siku ya mvua, kwenye duka la vitu vilivyotumika la parokia, ambalo linaendeshwa na akina mama wa kujitolea. Ilikuwa imefunikwa na vikombe, sahani zisizo na wenzao, na mbwa wawili wa kauri. Bodil akainua pembe ya kitambaa. Akaangalia mguu mmoja. Kisha akalala chali sakafuni, koti na yote, akajisukuma chini ya meza mpaka vikabaki viatu tu.

Mama mmoja wa parokia akaja mbio. "Bibi! Umeanguka?"

"Nimeegesha," sauti ikajibu kutoka chini. "Ellinor! Mbao zake zipo! Ondoa hao mbwa, uvute huko kwako. Taratibu! Si hivyo, unakanyaga mafuta! Ilegeze, ivute, iache ije yenyewe."

Ubao ukatoka. Uliteleza juu ya mikono yake miwili ya mbao, ukanyanyuka kidogo, ukalala sawa na uso wa meza bila hata kulia. Tukavuta wa pili. Meza iliyokuwa ya watu wanne ikawa ndefu kama ya karamu, na mimi, ambaye sina machozi ya samani, nikatafuta leso.

Lakini Bodil hanunui gari kwa kuangalia rangi. Alitoka chini na vumbi mgongoni, akaanza kukusanya wateja. Alimkamata mzee aliyeshika taa ya mezani, wasichana wawili waliokuja kutafuta sufuria, baba mmoja na mtoto wake, na akina mama wawili wa parokia. Pamoja na sisi tukawa tisa.

"Kaeni. Shikeni visu na uma vya uongo. Kateni bata."

Wakakata bata. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana wengi wao, nilikuja kugundua, alishawafundisha udereva.

"Wewe unatumia mkono wa kushoto? Hamia pembeni, utamtoboa mwenzako."

"Goti langu linagonga mguu wa meza," akalalamika mzee wa taa.

"Rudi nyuma. Kata kulia kidogo. Nyoosha. Bado linagonga?"

"Haligongi."

"Ndiyo maana nilikuambia utazame kioo."

Kwetu watu tisa hawawezi kukaa mezani bila kahawa kutokea. Mama wa parokia akaleta birika, mwingine akakumbuka ana biskuti, na duka likasimamisha biashara. Tulipoinuka, mzee wa taa alimuuliza Bodil, kwa aibu kidogo, kama tarehe ya chakula chenyewe imepangwa.

Nyumbani meza ilifunguliwa miguu, ikapanda ngazi vipande vipande, ikafungwa tena. Ikiwa imekunjwa ilikaa dirishani kwa adabu. Ikivutwa, ilianzia mlango wa roshani ikaishia mlango wa chumbani, na waliokaa upande wa ukutani iliwabidi waingie kwa foleni na kutoka kwa foleni. Bodil alinikalisha kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, akipima viwiko vyangu. Vyote vilipita.

"Na mti wa Krismasi?" nikauliza.

"Roshani. Nyuma ya kioo, na taa zake. Tutauona wote tukiwa tunakula."

Nikasifu. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu timamu, na nikasifu.

Mkesha ukafika. Wakaja kutoka kanisani wamejaa baridi: Esben, Malene, binti yao Alberte na wadogo zake watatu, na Preben, kaka yake Bodil, ambaye tulimkalisha karibu na mlango kwa sababu za kibofu. Makoti yakalundikwa kitandani. Malene aliingia macho yakipima. Akakaa. Akasogeza goti, hakugonga kitu. Akanyoosha kiwiko, hakumgusa mtu. Akaipapasa meza kwa kiganja.

"Nzuri, mama," akasema, na sikusikia kijembe ndani yake ingawa nilikitafuta.

Tukala bata, viazi vya kukaangwa kwa sukari, kabichi nyekundu. Mti ulimeremeta nyuma ya kioo. Watoto walilewa soda. Preben alitoka mara tatu na kila mara alirudi na hadithi mpya. Bodil alikaa kichwani mwa meza yake amekunja mikono, na kama kuna furaha inayoweza kuonekana ikiwa imekaa kwenye kiti, niliiona.

Ulipofika wakati wa pudini, mezani hapakuwa na nafasi ya bakuli kubwa, ikabidi Bodil apakue jikoni. Nilikuwa nimebanana naye huko. Nikamwona anachukua lozi nzima kwa vidole, anaizika kwenye bakuli moja, na kumwagia rojo la cheri juu yake kwa uangalifu wa mtu anayefukia alama.

Nikacheka. "Mwizi wewe. Unajipa mwenyewe."

"Hiyo si yangu. Ni ya Malene."

"Una wazimu? Si ndiye atakayeamua?"

"Ndiye." Akafuta ukingo wa bakuli. "Nikijipa mimi, mwakani watakuja kwa adabu. Adabu nimeifundisha miaka mingi, Ellinor, haifiki mbali. Nataka waje kwa kutaka. Peleka bakuli, zinapoa."

"Pudini ni baridi tangu mwanzo."

"Peleka!"

Nikapeleka kwa kunyata, kama ni mimi niliyeiba. Watu wakala. Watoto wakawa wanakaguana midomo. Esben akaapa si yeye, Preben akaapa si yeye na hakuna aliyemuuliza. Malene alikula kimya, amevimba uso pande zote mbili, na mimi nikadhani ni hasira. Bakuli zikawa tupu. Hakuna aliyetema lozi.

Ndipo Alberte akageuka akautazama mti kule nje.

"Bibi, tutauzunguka vipi?"

Baada ya chakula, kabla ya zawadi, kwetu watu wanashikana mikono na kuuzunguka mti wakiimba. Hakuna nyumba isiyofanya hivyo. Hakuna anayekumbusha, kama vile hakuna anayekumbusha mtu kupumua, na ndiyo maana hakuna aliyeipimia nafasi. Tulipima viwiko. Tulipima magoti ya mzee wa taa. Mti ulikuwa kwenye roshani ya viti viwili, na meza imejaza sebule ukuta kwa ukuta.

Malene alifungua mdomo, akaufumba.

"Mama, si lazima mwaka huu," Esben akasema kwa upole.

Laiti angemtukana. Nilimwona Bodil anapokea neno lile, naye akazeeka mbele yetu, pale pale kichwani mwa meza. Si lazima. Baada ya hapo unafuata mto wa mgongoni. Mguu wake ulikanyaga sakafu, nikausikia hadi kwenye kiti changu.

Kisha akauinua.

"Simameni wote. Nyie wa ukutani, tokeni kwa zamu, mtu asimpite mtu. Preben, shika sahani. Esben, vua kitambaa."

Sahani zikaenda jikoni, nyingine zikaenda kitandani juu ya makoti. Bodil akainua uso wa meza kidogo, akasukuma ubao, ukaingia. Akasukuma wa pili, nao ukaingia. Meza ikarudi kuwa ya kikombe na gazeti. Tukaivuta katikati ya sebule, na pembeni yake pakapatikana uchochoro wa mtu mmoja.

"Mti ukae juu yake," akasema.

"Mama, mti ni mrefu kunishinda mimi!" Esben akalia. "Utatoboa dari!"

Bodil alikuwa ameshatoka jikoni na kisu cha mkate.

"Mama!"

"Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Fungua mlango wa roshani."

Aliukereza mti katikati kwa kisu cha mkate, upepo ukimpiga, taa zikirukaruka. Jirani wa jengo la pili akatoka na glasi yake mkononi. "Bodil! Unachinja nini huko?"

"Natafuta nafasi ya kuegesha! Rudi ukale!"

Nusu ya juu ikaingia ndani. Tukaisimamisha katika sufuria ya viazi, tukaibana kwa viazi vilivyobaki. Preben akachomeka mishumaa ya kweli akaiwasha, na nta ikaanza kudondoka kwenye mtiki wa miaka sitini. Esben, anayejua bei za vitu, akafumba macho. Nilimkumbuka kijana wa ndevu zilizochongwa, nikamtakia Krismasi njema.

Tukashikana mikono. Migongo ikasugua ukuta, matumbo yakasugua meza, na tukazunguka. Wimbo wa mwisho ni ule wa kukimbia nyumba nzima, basi tukakimbia mnyororo mmoja: tukazunguka kitanda cha Bodil, tukapita jikoni kwa ubavu, tukatoka hadi kwenye ngazi na kurudi, watoto wakipiga kelele za kuvunja madirisha. Malene aliimba kwa kumumunya, mdomo umefumba.

Zawadi zilipoanza kufunguliwa, mimi na Bodil tulikuwa jikoni tunaosha vyombo. Malene akaingia, akaufunga mlango nyuma yake. Sasa tulikuwa watatu katika jiko la mtu mmoja. Akatema kitu kiganjani, akamnyooshea mkwewe.

Lozi mbili.

"Hii moja nimekuja nayo, mama," akasema, na uso ulikuwa umemwiva. "Nimeimenya nyumbani. Ilikuwa mfukoni."

Bodil akaitazama. "Na hiyo nyingine?"

"Nimeikuta kwenye kijiko cha kwanza. Cha kwanza kabisa. Lozi haziji hivyo, mama."

"Hapana," Bodil akakubali. "Haziji hivyo."

Kule sebuleni mtoto alikuwa anachana karatasi. Malene alisimama na kiganja wazi kama mwanafunzi aliyekamatwa, macho yamejaa maji. Kisha akaninyang'anya kitambaa cha kufutia vyombo, akachukua sahani ya juu, akaanza kuifuta kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Mwakani hapa," akasema. "Ila mti nitauleta mimi. Mfupi."

"Ulete," Bodil akamjibu, akimpa sahani ya pili. "Na lozi zako uziache nyumbani."